UTI sugu ya mtoto: neno moja lililobeba mambo matatu

Mama mmoja alifika dirishani kwetu maabara mapema asubuhi, mtoto wa kike wa mwaka na nusu mgongoni, mkononi faili la plastiki la bluu. "Kaka, nimeambiwa nije kuotesha mkojo. Mwanangu ana UTI sugu." Nilipofungua faili nikakuta karatasi nne za vipimo, zote za miezi mitano iliyopita. Ya kwanza iliandikwa seli za usaha 3 hadi 5. Ya pili, 6 hadi 8. Ya tatu haikuwa na idadi, alama mbili tu za kujumlisha. Ya nne iliandikwa "UTI" ikapigiwa mstari. Kwa kila karatasi mtoto alipewa dawa: amoksisilini ya unga, kisha kotrimoksazoli, kisha amoksisilini tena, mwisho sindano za seftriaksoni siku tano. Mkojo wake haukuwahi kuoteshwa hata mara moja, yaani kuwekwa kwenye chakula cha bakteria ili ionekane kama wataota. Kwa miezi mitano hakuna aliyejua kama kwenye mkojo ule kulikuwa na bakteria, achilia mbali bakteria gani na wanakufa kwa dawa ipi.

Neno "UTI sugu" nalisikia karibu kila siku, na huwa naogopa ninapolisikia likitajwa kwa mtoto, kwa sababu ndani yake yamefungwa mambo matatu yasiyofanana. Yupo mtoto ambaye tangu mwanzo hakuwa na UTI. Yupo mwenye UTI ya kweli, iliyoletwa na bakteria wasiosikia dawa. Na yupo ambaye UTI yake inapona vizuri kila mara, ila inarudi, kwa sababu kuna kitu mwilini mwake kinachoikaribisha. Kwa mzazi wote watatu wanaonekana sawa: dawa amekunywa, homa imerudi. Lakini wa kwanza anahitaji kuachishwa antibiotiki, wa pili kubadilishiwa, na wa tatu kuchunguzwa. Tukiwachanganya, tunampa wa kwanza dawa za wa pili, na ndivyo tunavyomtengeneza wa pili.

Ugonjwa wenyewe hauna siri kubwa. UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, ni bakteria waliopanda kwenda mahali wasipotakiwa. Kwa watoto, kama 80 kati ya kila 100 ya maambukizi haya huletwa na E. coli, mkazi wa kawaida wa utumbo mkubwa ambaye akiwa kwake hana ugomvi na mtu. Anatoka na choo, anabaki kwenye ngozi, anaingia tundu la mkojo na kupanda hadi kibofuni. Ana vinyweleo vyenye ncha za kunata, anajishikiza navyo kwenye ukuta wa kibofu hata mkojo ukipita haumsombi. Kwa hiyo ile imani kwamba mtoto ameokota UTI kwenye choo cha shule au cha stendi haina mashiko. Bakteria wanaomuumiza kwa kawaida ni wale anaotembea nao mwenyewe. Jambo hilo ulikumbuke, kwa sababu habari ya usugu nayo inaanzia hapo hapo utumboni.

Miezi ya mwanzo wavulana ndio wanaougua zaidi, hasa ambao hawajatahiriwa, maana bakteria hujificha chini ya govi. Baada ya mwaka wa kwanza hali inageuka, wasichana wanakuwa wengi, kwa kuwa njia yao ya mkojo ni fupi na iko karibu na njia ya haja kubwa. Mtoto wa miaka mitano atakuambia anasikia moto akikojoa. Mchanga hawezi. Yeye anachemka, anatapika, anagoma kunyonya, analialia bila sababu inayoonekana, au haongezeki uzito. Kichanga wa wiki mbili anaweza kuanza kwa macho kuwa ya manjano tu. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu bakteria wakifika kwenye figo na homa ikapita saa 48 bila tiba sahihi, uwezekano wa figo kubaki na kovu unapanda. Mtoto aliye chini ya miezi mitatu mwenye homa ni wa kupelekwa hospitali siku ile ile. Huyo duka la dawa si mahali pake.

Lakini je, homa ngapi za watoto ni UTI kweli? Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wa chini ya miaka 10 waliofikishwa kliniki wakiwa na homa, Dar es Salaam na Ifakara. Waliwapima karibu kila kitu. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2014 ilionekana kwamba watoto saba kati ya kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao antibiotiki haiugusi. UTI ilikutwa kwa takriban 6 kati ya kila 100. Sita si wachache. Ni watoto ambao bila kipimo wangepita bila kujulikana. Ila tazama pia upande wa pili: ukimwandikia kila mwenye homa dawa ya UTI, katika kila 100 umewapa antibiotiki zaidi ya watoto 90 wasiokuwa na ugonjwa huo.

Sasa twende kwa mtoto wa kwanza, yule asiyekuwa na UTI. Anapatikanaje? Anapatikana kwenye kopo.

Mkojo wa mtoto mdogo ni mgumu kuupata ukiwa safi. Nimepokea mkojo uliokamuliwa kutoka kwenye nepi. Nimepokea uliomiminwa kutoka kwenye poti, na mwingine uliokuja ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa haraka haraka. Simlaumu mzazi, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyemweleza. Amekabidhiwa kopo na kuonyeshwa mlango wa choo. Lakini mkojo wa namna hiyo umebeba bakteria wa ngozi, wa choo na wa chombo. Hata kile kifuko cha kubandika, ambacho wengi wanakiona cha kitaalamu, hukusanya kila kilichopo kwenye ngozi. Kikionyesha hakuna bakteria, uamini. Kikionyesha wapo, hujajua kitu bado.

Njia nzuri si ngumu. Mwoshe mtoto kwa maji safi na sabuni kidogo, suuza, kausha. Mnyonyeshe au mpe maji, kisha mshike miguu wazi, kopo tasa likiwa wazi mkononi mwa mtu wa pili. Tone za kwanza ziache zianguke, dakeni za katikati. Kwa mchanga kuna mbinu iliyojaribiwa hospitalini Melbourne, Australia: kitambaa kilicholowa maji baridi kinasuguliwa taratibu tumboni chini ya kitovu, kwenye kibofu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, watoto 31 kati ya 100 walikojoa ndani ya dakika tano, wakati waliosubiriwa tu walikuwa 12. Haina gharama yoyote. Mtoto akiwa mgonjwa sana, daktari au muuguzi atachukua mkojo kwa mpira mwembamba, na mzazi asiogope. Mkojo wa mpira ndio unaosema ukweli.

Halafu kuna saa. E. coli kwenye joto zuri anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Bakteria kumi walioanguka kutoka kwenye ngozi, wakikaa kwenye kopo juu ya meza ya dirishani tangu saa moja hadi saa tano za jua la Dar, watakuwa kundi kubwa. Sisi tunahesabu: kwa mkojo wa katikati uliodakwa vizuri, makoloni 100,000 kwa mililita ndiyo alama inayotufanya tuseme huyu anaumwa. Kopo lililochelewa linaweza kufikia alama hiyo lenyewe. Mkojo ufike maabara ndani ya saa moja, mbili zikizidi, au ukae kwenye friji.

Na zile seli za usaha za kwenye karatasi? Ni askari wa mwili. Wanatoka kwa UTI, lakini wanatoka pia mtoto akiwa na homa ya ugonjwa mwingine, akiwa na michubuko ya nepi, na kwa msichana, ute wa ukeni ukichanganyika na mkojo. Seli 3 hadi 5 kwenye hadubini si UTI. Kijiti cha kuchovya nacho kina mtego wake: kile kiboksi cha naitraiti kinahitaji mkojo uliokaa kibofuni kama saa nne ili bakteria wapate muda wa kuitengeneza kemikali hiyo. Mtoto mchanga anakojoa kila mara. Kijiti kinaweza kusema hakuna kitu huku figo inaungua. Ndiyo maana nasema kosa linakwenda pande zote mbili, tunatibu wasioumwa na tunawaruka wanaoumwa.

Mtoto wa pili ndiye ninayemwona kwa macho kila siku kazini.

Tunapootesha bakteria kwenye sahani ya kioo au plastiki yenye chakula chao, tunawapaka wote uso mzima kama samli kwenye chapati. Juu yake tunaweka vidonge vidogo vya karatasi vya upana wa milimita 6, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Sahani inalala kwenye joto la nyuzi 35 usiku kucha. Asubuhi unafungua. Kidonge chenye dawa inayofanya kazi kimezungukwa na duara safi, kama mwezi uliozingirwa na mbingu tupu. Kidonge kilichoshindwa hakina duara. Bakteria wameota mpaka kwenye ukingo wa karatasi. Kuna sahani ambazo vidonge vyote vya dawa za kunywa vimemezwa hivyo, na ukiangalia jina kwenye fomu unakuta umri umeandikwa "miezi 9". Sijazoea kuliona hilo, na natumaini sitazoea.

Watu husema "mwili wake umezoea dawa". Mwili hauzoei antibiotiki. Wanaobadilika ni bakteria. Wengine wanatengeneza vimeng'enya vinavyoikata dawa kabla haijawagusa; vipo vinavyokata penisilini peke yake, na vipo vya aina pana zaidi vinavyokata hata seftriaksoni. Wengine wana pampu zinazoitapika dawa nje. Na wanapeana: maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya yameandikwa kwenye kipande kidogo cha DNA kinachozunguka, na bakteria mmoja anaweza kumkabidhi jirani yake, hata wa aina nyingine kabisa. Kipande kimoja mara nyingi kinabeba usugu wa dawa tatu nne kwa pamoja. Ndiyo maana mtoto aliyepewa dawa moja anaweza kuishia na bakteria wasiosikia dawa ambazo hajawahi kuonja.

Hapo rudi utumboni. Amoksisilini aliyopewa mtoto kwa mafua ya virusi haikwenda puani tu. Ilipita utumboni, ikaua bakteria wapole, ikawaacha wagumu wakitanua. Wiki tatu baadaye mmoja wa wale wagumu anapanda njia ya mkojo. Uchambuzi wa tafiti 58 kutoka nchi 26, uliochapishwa mwaka 2016 ukiongozwa na watafiti wa Bristol, Uingereza, ulihusu jambo hili hili: E. coli kwenye mikojo ya watoto. Katika nchi zilizo nje ya kundi la matajiri la OECD, karibu wanane kati ya kumi walikuwa sugu kwa ampisilini, ndugu wa amoksisilini. Na mtoto aliyetumia antibiotiki alibeba uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na bakteria sugu hadi miezi sita baada ya dozi. Miezi sita. Kwa mtoto anayepewa dozi kila mafua, muda huo haumaliziki kamwe.

Hapa kwetu picha haitofautiani. Mradi wa HATUA uliowachunguza wagonjwa wa njia ya mkojo Kenya, Tanzania na Uganda ulikuta takriban nusu ya waliothibitishwa wakiwa na bakteria sugu kwa makundi matatu ya dawa au zaidi. Na usugu unaua. Muhimbili, mwaka 2001 na 2002, watafiti walifuatilia watoto waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi mazito. Waliokutwa na bakteria wa jamii ya E. coli na Klebsiella na wenzao kwenye damu, 43 kati ya 100 walifariki. Waliokuwa na malaria walifariki 20. Kupewa dawa ambayo bakteria walikuwa sugu kwayo kulikuwa moja ya mambo yaliyotabiri kifo. Hayo ni maambukizi ya damu, siyo ya mkojo peke yake, lakini figo ya mtoto mchanga iliyoungua ni mojawapo ya milango ya kuingilia damuni.

Wizara ya Afya inaliita jambo hili UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na Tanzania ina mpango kazi wake wa kitaifa tangu mwaka 2017. Shirika la Afya Duniani nalo limegawa antibiotiki makundi matatu: za kuanza nazo, za kutumiwa kwa uangalizi, na za akiba. Seftriaksoni iko kundi la uangalizi. Ukweli wa mtaani ni kwamba "sindano tano" zimekuwa jibu la kila homa iliyogoma, na mzazi anaambiwa ni dawa kali, kana kwamba ukali ni sifa. Dawa nzuri ni ile inayomgusa bakteria uliye naye.

Hata dawa sahihi inaweza kuharibiwa nyumbani. Dozi ya mtoto hupigwa kwa kilo, siyo kwa umri wala kwa kijiko cha chai. Chupa moja ikigawanywa kwa ndugu wawili, wote wamepata nusu, na nusu dozi huwafundisha bakteria badala ya kuwaua. Amoksisilini iliyochanganywa na klavulaniki, ambayo klavulaniki yake ndiyo inayokizuia kile kimeng'enya cha kukata, ikishachanganywa na maji inatakiwa friji na imalizike ndani ya siku saba. Kwenye nyumba isiyo na friji, mwambie daktari mapema, achague nyingine. Aibu isikuzuie.

Mtoto wa tatu ndiye anayesahauliwa zaidi. Mkojo wake umeoteshwa, bakteria wamekufa kwa dawa ya kawaida, amepona. Miezi miwili baadaye wamerudi wengine, nao wanakufa kwa dawa ile ile. Huu si usugu. Hapa swali ni kwa nini mlango uko wazi. Sababu ninayoisikia sana madaktari wa watoto wakiitaja ni ya kawaida mno: choo kigumu. Utumbo uliojaa unakiminya kibofu, mkojo haumaliziki, unaobaki unakuwa bwawa. Nyingine ni kubana mkojo. Mtoto wa darasa la kwanza anayeona choo cha shule hakina maji wala mlango atabana mpaka arudi nyumbani. Kwa wengine mkojo unarudi nyuma kutoka kibofuni kwenda figo. Kati ya watoto waliopata UTI ya kwanza, kama theluthi hukutwa na hali hiyo. Mvulana mwenye mkojo dhaifu unaotiririka kama uzi anaweza kuwa na kizibo tangu kuzaliwa. Hivi huonekana kwa ultrasaundi na vipimo vingine, havionekani kwa kuongeza dawa.

Na mtoto wa Pemba, au wa vijiji vya Kanda ya Ziwa, akikojoa damu, hasa mwishoni mwa mkojo, fikirieni kwanza kichocho. Mnyoo yule hufa kwa prazikwanteli, antibiotiki hazimjui.

Kuna waliodhani suluhisho la watoto hawa ni dozi ndogo ya kila usiku. Marekani walijaribu kwa watoto 607 wenye mkojo unaorudi nyuma, kotrimoksazoli kwa miaka miwili, matokeo yakatoka mwaka 2014. UTI zilipungua kwa nusu. Lakini zilizotokea kwa wanywaji, 63 kati ya 100 za E. coli zilikuwa sugu kwa dawa ile, dhidi ya 19 kwa wasiokunywa. Makovu ya figo hayakupungua. Kuna watoto wachache bado wanaofaidika, na daktari wa figo atamjua ni nani. Kwa wengi, kutibu choo kigumu kunafanya kazi kubwa zaidi.

Najua utauliza: kuotesha mkojo kuko wapi? Zahanati nyingi hazina. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu, na nauli ya kwenda hospitali ya mkoa ni pesa ya chakula. Kwa hiyo sisemi mtoto mwenye homa kali asubiri majibu ndipo atibiwe. Aanze dawa. Ninachoomba ni mkojo uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu dozi moja tu inatosha kuwafuta bakteria kwenye sahani yetu na kutuachia swali lisilojibika. Dawa iendelee, majibu yakija, daktari ataibadili au ataisimamisha. Mkojo ukiwa hauna kitu, kuacha antibiotiki ni sehemu ya tiba.

Yule wa faili la bluu tulimwoshea, tukamdaka mkojo kwa kitambaa cha baridi, ikachukua dakika nne. Alikuwa amemaliza sindano wiki tatu kabla. Kesho yake sahani ilikuwa imejaa makoloni ya njano ya E. coli, zaidi ya 100,000. Siku ya pili nikasoma vidonge: amoksisilini, hakuna duara. Kotrimoksazoli, hakuna. Seftriaksoni, duara dogo lililovutwa upande mmoja kuelekea kidonge cha klavulaniki, umbo la tundu la ufunguo, ambalo kwetu ni saini ya kile kimeng'enya kipana. Nitrofurantoini ilifanya kazi, lakini hiyo ni dawa ya kibofu, haifiki kwenye figo vya kutosha, na mtoto alikuwa na homa. Amikasini, dawa ya sindano, ilifanya kazi. Daktari wa watoto alimlaza.

Kama zile UTI nne za mwanzo zilikuwa UTI kweli, hakuna atakayejua. Mama aliporudi kuchukua nakala ya majibu nilimwonyesha herufi zilizo mbele ya kila dawa: S, inamuua, R, imeshindwa, I, kwa kipimo maalumu. Nikamwomba karatasi hiyo aionyeshe kwa kila atakayetaka kumwandikia mtoto wake dawa, popote, kwa miezi sita ijayo na zaidi. Aliikunja mara moja, akaiingiza kwenye faili, mbele ya zile nne.